Nani Analipia Matimba?

Mchimbaji mzoefu wa Kanda ya Ziwa hashuki duarani, yaani shimoni mwake, bila kugonga. Anagonga gogo kwa nyundo, anagonga na mwamba wa pembeni, huku ametega sikio. Mwamba mzima hulia kama chuma. Uliopasuka kwa ndani hutoa sauti ya mtungi wenye ufa. Ukilia hivyo, hapo pamedai timba jingine, gogo la kushikilia mwamba. Ndipo maneno yanapoanza: gogo likakatwe na nani, linunuliwe kwa hela ya nani, na zamu hiyo isiyotoa hata kiroba kimoja cha mawe watu watakula nini?

Maneno hayohayo yaliwahi kusemwa Wales, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wachimbaji wa makaa ya mawe kule walilipwa kwa tani. Kusimamisha nguzo, kuzoa kifusi, kutengeneza njia, yote hayo hayakuzaa tani, na mara nyingi hayakuwa na malipo ya maana. Wenyewe waliiita kazi iliyokufa. Kwa hiyo mtu aliyesikia dari likilia alikuwa na hesabu mbili kichwani, ya uhai wake na ya Ijumaa ya mshahara, na wengi walijiambia wamalizie kwanza toroli moja.

Si kwamba sheria haikuwapo. Uingereza ilikuwa na wakaguzi wa migodi tangu 1850. Mwaka 1862, baada ya boriti ya pampu kuangukia njia pekee ya mgodi wa Hartley na watu 204 kufa, Bunge lilidai kila mgodi uwe na njia mbili za kutokea. Sheria ya 1911 ikaagiza feni za migodi ziweze kugeuza mkondo wa hewa. Mgodi wa Senghenydd, uliokuwa umeua watu 81 mwaka 1901, ulipewa muda, ukaongezewa hadi mwisho wa Septemba 1913. Haukufanya. Oktoba 14 ulilipuka, wachimbaji 439 wakafa. Meneja alitozwa faini ya pauni 24, kampuni pauni 10. Gharama ya kutii ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuua, na kila mwenye mgodi alijua kutoa na kujumlisha.

Ndiyo maana, nikiulizwa, naiweka sheria ya kima cha chini cha mshahara migodini ya 1912 katika ukoo wa sheria za usalama, ingawa haitajwi huko. Ilitokana na mgomo wa nchi nzima, na kiini cha ugomvi kilikuwa sehemu ngumu za mgodi, zile ambazo mtu huzitolea jasho siku nzima na tani hazionekani. Aliyehakikishiwa kima chake angalau aliweza kusimamisha nguzo bila kujinyima chakula.

Afrika Kusini ilifika mbali zaidi, kwa maandishi. Mei 1995, pale Vaal Reefs, kichwa cha treni ya mgodini kilitumbukia shimoni juu ya lifti iliyobeba wafanyakazi, wakafa 104. Sheria ya 1996 ikampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapopaona pa hatari, na mkaguzi mamlaka ya kusimamisha kazi. Kampuni zililalamikia amri hizo, na mwaka 2016 Mahakama ya Kazi ilikataa mgodi mzima ufungwe kwa makosa ya sehemu moja. Lakini chini kabisa, mwanasosholojia Sizwe Phakathi alikuta neno la wachimbaji wenyewe: kuplanisa. Magogo hayajafika, vifaa havijaletwa, bonasi ya timu inasubiri. Basi mnaplanisa, mnafanya mpango kwa mlichonacho. Anayetumia haki yake ya kuondoka hamkatalii bosi peke yake, anawakatia na wenzake bonasi.

Tukirudi kwetu, tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, tuna OSHA, wakala wa kuisimamia, tuna maafisa madini. Sitawabeza. Ila sheria ile inamwona mwajiri na mwajiriwa, na duarani mara nyingi hakuna mshahara. Kuna mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kila mmoja na mgao wake wa viroba. Mkaguzi akifunga duara, hamwadhibu tajiri tu; anamkatia riziki pia yule aliyekuja kumwokoa. Halafu tunashangaa wakirudi usiku. Mwaka 2015, Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakiwa wamekula mizizi, mende na vyura. Nchi ilisimulia muujiza wiki nzima. Habari ya magogo haikuulizwa sana.

Kila duara lina daftari: unga, dizeli ya pampu, baruti, karasha la kusagia mawe. Mahali pengine gharama hukatwa kabla ya mgao, pengine humwangukia mwenye duara peke yake, na mstari wa matimba ndio unaoonyesha hapo watu wanachimba kwa roho ya namna gani. Wakaguzi wakija huomba leseni, hutazama kofia ngumu, huingia stoo ya baruti. Anayeomba daftari bado sijamwona.