Ulimi wa Ubao
Ulimi, katika istilahi ya useremala, ni ule ukingo mwembamba uchongwao ubavuni mwa ubao ili uingie katika mfuo wa ubao wa pili, nalo ni neno fasaha listahililo kudumu karakanani. Na yeyote akusudiaye kuzivika mbao kuta za banda lake, nasaha yangu ni kwamba achague visu vya ruta vilivyoundwa kwa jozi, kimoja cha ulimi na kimoja cha mfuo, vyenye shina la milimita 12 iwapo mashine yake yalipokea, kwani shina jembamba hutetema. Ulimi na upungue kidogo kuliko kina cha mfuo, maana mbao hufura wakati wa masika. Na mbao zikilazwa, ulimi uelekee juu, maji yasipate kutuama mfuoni.