Chumvi za Nyongo na Ute Unaolinda Tumbo na Utumbo

Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Ndani yake zimo chumvi za nyongo, zitokanazo na kolesteroli, ambazo hufanya kazi kama sabuni: huyagawa mafuta ya chakula kuwa matone madogo ili vimeng'enya vya kongosho viyasage. Takriban asilimia 95 ya chumvi hizo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejeshwa kwenye ini kwa njia ya damu.

Hata hivyo, kinachoyeyusha mafuta ya chakula kinaweza pia kuyeyusha mafuta yaliyomo katika utando wa seli za mwili. Kinga ya seli hizo ni ute. Katika tumbo, ute hushikilia bikaboneti inayopunguza makali ya tindikali. Katika utumbo mpana huwa na tabaka mbili, na ile ya ndani hushikamana sana na ukuta hata bakteria wengi wasiweze kuipenya.

Majaribio ya maabara yameonesha kuwa chumvi za nyongo zenyewe huweza kuzichochea seli za utumbo kumwaga ute zaidi. Zikizidi, hali hugeuka: ute huzidiwa na seli huanza kuumia. Watu waliokatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba hupata adha nyingine, kwani chumvi zisizofyonzwa hufika utumbo mpana, huvuta maji na kusababisha kuhara. Dawa ya kolestiramini huzinasa chumvi hizo.

Tumbo ndilo lisilozoea nyongo. Misuli iliyo kwenye njia yake ya kutokea huizuia isirudi nyuma, lakini kizuizi hicho hudhoofika au kutoweka baada ya baadhi ya upasuaji wa tumbo. Katika miaka ya 1960, mwanafiziolojia Horace Davenport wa Marekani alionesha kuwa aspirini, pamoja na vitu vyenye tabia ya sabuni, huvunja kizuizi cha tumbo na kuiruhusu tindikali kupenya ukutani. Kwa sababu hiyo, mgonjwa ambaye nyongo humrudia tumboni anapaswa kumweleza daktari kabla ya kutumia aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, dawa ambazo pia hupunguza utengenezaji wa ute.

Nyongo hulaumiwa kupita kiasi. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori au na dawa hizo za maumivu, na mtu mzima aliyetapika mara kadhaa hadi tumbo likawa tupu hutoa maji machungu ya njano bila ini lake kuwa na kasoro. Kwa mtoto mchanga ni tofauti: matapishi ya kijani yanaweza kuwa dalili ya utumbo uliojisokota au kuziba, na mtoto huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.