Kupima Akili Iliyoshikwa na Hofu

Leo tutajifunza jinsi wataalamu walivyotafuta njia ya kupima jambo lisiloonekana kwa macho, yaani uangalifu wa mtu mwenye wasiwasi.

Tuanze na ninyi wenyewe. Kabla hamjajua kusoma, neno la ubaoni lilikuwa mistari tu. Sasa mkiliona mnalisoma, hata kama hamkukusudia. Neno limeivuta akili.

Mwaka 1935, huko Marekani, John Ridley Stroop alilipima jambo hilo. Alipiga chapa majina ya rangi kwa wino wa rangi nyingine. Kwa mfano, neno “nyekundu” lilikuwa la wino wa kijani. Wanafunzi waliambiwa wasisome neno, bali wataje rangi ya wino. Kutaja rangi za miraba 100 isiyo na maneno kuliwachukua sekunde 63 hivi. Kutaja rangi za maneno 100 kuliwachukua sekunde 110 hivi.

Je, hofu nayo huivuta akili namna hiyo? Mwaka 1985, huko Uingereza, Andrew Mathews na Colin MacLeod walitumia maneno ya kutisha, kama ya ugonjwa na ya aibu. Watu wenye wasiwasi mwingi walichelewa kutaja rangi zake.

Mwaka 1986, wao pamoja na Philip Tata walileta kipimo kingine. Maneno mawili yalionyeshwa kwa nusu sekunde, moja juu na moja chini. Moja lilikuwa la kutisha. Yalipotoweka, mara nyingine nukta ilitokea mahali pa neno mojawapo. Aliyeiona alibonyeza kitufe. Wagonjwa wa wasiwasi waliiona upesi zaidi ilipotokea mahali pa neno la kutisha, kwa kuwa akili yao ilikuwa imekwisha kufika pale.

Baadaye kipimo hicho kilitumiwa kwa watoto na vijana, kwa picha za nyuso za hasira badala ya maneno.

Lakini angalieni. Mwaka 2005, Stefan Schmukle aliwapima watu wasio wagonjwa, kisha akawapima tena baada ya wiki moja. Majibu ya mtu yule yule hayakulingana. Basi, kipimo kinaweza kutufundisha habari za kundi la watu, na bado kisifae kumhukumu mtu mmoja.

Kijana asiyetulia darasani huitwa mvivu au mtundu. Huenda si mvivu. Huenda hofu imemshika. Nukta peke yake haitatuambia. Yafaa tukae naye, tumwulize kwa upole, tumsikilize.

Sasa jadilianeni:
1. Kwa nini asiyejua kusoma hasumbuliwi na maneno ya Stroop?
2. Kwa nini nukta haitoshi kumhukumu kijana mmoja?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.