Mbona Wanawake Pekee?

Mtoto mwenye pepopunda huzaliwa mzima. Hulia vizuri, hunyonya siku mbili za kwanza kama wenzake, halafu taya linakaza na titi halishikiki tena. Hapo ukimgusa, au mlango ukibamizwa, au mwanga ukimpiga machoni, mwili wote unakakamaa na mgongo unapinda kama upinde. Huku kwetu Kilifi wazee walisema amepitiwa na nyuni. Alipelekwa kwa mganga, akafungwa hirizi, na mara nyingi akazikwa kabla mama hajamaliza arubaini.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa kijiji. Alikata kitovu kwa wembe uliokuwapo nyumbani, akakifunga kwa uzi wa kushonea nguo, akapaka majivu ya jikoni ili kikauke upesi. Umaasaini walipaka mavi ya ng'ombe. Sote tulikuwa tunafanya hivyo kwa mapenzi, wala sikubali mtu awaite wanawake wale wajinga. Vimelea vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo miaka mingi, haviuliwi na jua, na hustawi pale pasipofika hewa. Kitovu kinachonyauka ni makao yao hasa. Ni nani angeyaona hayo kwa macho?

Aliyefanikiwa kuvitenga ni Mjapani, Kitasato Shibasaburo, akiwa Berlin mwaka 1889. Mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba sumu ya vimelea hivyo inaweza kuzuiwa na damu ya mnyama aliyekwisha kukingwa. Miaka ya 1920 Wafaransa, Gaston Ramon akiwa mbele yao, wakapata njia ya kuipooza sumu yenyewe ili iufundishe mwili kujikinga bila kuudhuru. Hiyo ndiyo chanjo tunayoitumia mpaka leo. Na walioanza kuchanjwa kwa wingi walikuwa wanaume: askari wa Uingereza na wa Marekani waliokwenda Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu jeraha la vitani na udongo haviachani.

Wajawazito walikumbukwa baadaye sana. Mwaka 1961 madaktari waliokuwa wakifanya kazi New Guinea, mahali ambako pepopunda iliua watoto wachanga wengi mno, walichapisha matokeo ya kuwachanja akina mama wakiwa na mimba. Sindano moja haikumfaa mtoto. Mbili zilipunguza vifo. Tatu karibu ziviondoe kabisa. Kinga ya mama ilikuwa inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa, naye akaja duniani na silaha yake tayari.

Ndiyo maana nikawa natilia mkazo idadi nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Ya kwanza mama anapofika, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Tano zikitimia, amekingwa kwa miaka yake yote ya kuzaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 1988 peke yake pepopunda iliua watoto wachanga 787,000. Mwaka uliofuata mataifa yakaazimia kuitokomeza.

Kenya ilichelewa. Oktoba 2013 ikaanza kampeni katika maeneo ambako wengi walikuwa bado wanazalia nyumbani, kwa wanawake wote wa umri wa kuzaa. Raundi ya pili ilikuwa Machi 2014, ya tatu Oktoba. Novemba, Baraza la Maaskofu Wakatoliki likatangaza kwamba sampuli za chanjo hiyo zilipopimwa zilikutwa na homoni ya mimba, na kwamba wanawake wanafungwa uzazi kwa siri. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha, wakieleza kwamba vipimo vilivyotumika vilitengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu, si chanjo. Maaskofu nao walisema hawapingi sindano ya pepopunda inayotolewa kliniki siku zote, bali kampeni ile tu. Lakini hilo halikufika vijijini. Kilichofika ni kwamba sindano inaharibu kizazi.

Nakumbuka dada mmoja wa mimba ya miezi sita. Alikaa kwenye benchi, kitabu cha kliniki mapajani, kanga ameishusha tayari begani, kisha akaipandisha tena.

"Sista, mbona wanawake pekee? Wanaume hawakatwi na jembe?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Tena uvumi ule ulikuwa na mzizi. India, wataalamu walikuwa wamejaribu kweli chanjo ya kuzuia mimba iliyobeba homoni hiyo juu ya chanjo ya pepopunda, na WHO yenyewe iliwahi kufadhili utafiti wa chanjo za aina hiyo. Ufilipino na Mexico hofu hiyo hiyo ilizuka miaka ya 1990. Chanjo ya majaribio na chanjo iliyokuwa kwenye kisanduku changu cha barafu zilikuwa vitu viwili tofauti, lakini mwananchi angejuaje kama hakuna aliyekaa naye akamweleza mapema? Magari ya vipaza sauti yalipita yakihimiza watu wajitokeze. Hayakusema kwa nini.

Nilimweleza yote, la India pia. Nikamwambia habari za askari. Nikamwambia mwanamume akikatwa na jembe hatari ni yake, ila yeye anakinga wawili. Hakudungwa siku ile, nami sikumlazimisha. Alirudi na mamavyaa wake, mwanamke aliyewahi kuzika wachanga, na mamavyaa ndiye aliyemfunua bega. Wengi waliochanjwa wakati wa kampeni niliwapokea tena kliniki miaka iliyofuata, na mimba mpya.

Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na wachanga. Tanzania ilikuwa imetutangulia mwaka 2012. Kutokomeza huku maana yake ni chini ya mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya, na si kwamba vimelea vimeondoka udongoni. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiuliza mwaka huu kama bado kuna haja, nilimwomba kitabu chake tuhesabu. Alikuwa na mbili.