Nyumba Nayo ni Darasa: Kumbukumbu za Kisomo na Funzo Lake kwa Leo



Mhariri ameniomba nieleze kidogo habari za elimu katika miaka tuliyokuwa hapa shuleni. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya michezo, mabweni na ugali kwa maharage. Mimi nimechagua jambo lililofanyika nje ya uzio wa shule yetu, ingawa tulishiriki: namna nchi ilivyoigeuza nyumba, kivuli cha mwembe na ofisi ya kijiji kuwa darasa, na sababu zilizofanya kazi hiyo isidumu kama tulivyotumaini.

Mwaka 1967, wakati wa Azimio la Arusha, takribani watu wazima wawili katika kila watatu nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikwisha kueleza mwaka 1964, alipotangaza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo, kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta mabadiliko. Kwa hiyo watu wazima wafundishwe kwanza. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Kule Mikoa ya Ziwa, kuanzia mwaka 1968, ulikuwapo mradi uliosaidiwa na UNESCO ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake havikuanza na hadithi za mbali. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, na mwenye migomba kwa habari za migomba. Mtu alisoma leo jambo ambalo kesho angelifanya shambani.

Kisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa muda wa majuma 12, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kuisikiliza Redio Tanzania. Utaratibu ulikuwa mwepisi: kipindi kinasikilizwa, sura ya kitabu inasomwa kwa sauti, watu wanajadiliana, halafu wanaazimia la kufanya. Kikundi kilichosoma juu ya choo hakikuondoka mpaka kimekubaliana nani atachimba, wapi, na lini. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo uo huo.

Sisi wanafunzi tulipangiwa zamu za kwenda kufundisha kisomo katika kijiji jirani baada ya kazi za shamba la shule. Mimi nilipewa darasa la akina mama. Hatukuwa na vifaa vya kutosha, hivyo tuliandika kwa kijiti mchangani na kuhesabu kwa mbegu za mahindi na vizibo vya soda. Kilichonishangaza ni watoto. Walikuja wamebebwa mgongoni au wameshika kanga za mama zao, wakakaa pembeni, na baada ya majuma machache walikuwa wakiitaja herufi kabla ya mama hajafungua kinywa. Hakuna aliyewaandikisha. Walijifunza kwa sababu waliwaona wakubwa wao wanajifunza.

Jambo hilo nilililiona tena nilipokuwa mwalimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wenye umri wa kwenda shule wapate nafasi ifikapo mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kama milioni 3.5 mwaka 1983. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana wengi waliomaliza darasa la saba wafunzwe huku wakifundisha. Katika darasa lililojaa namna ile, niliweza kumtambua mtoto ambaye nyumbani kwao mtu husoma. Hakuwa lazima mtoto wa tajiri. Mara nyingi alikuwa mtoto wa mama aliyehudhuria kisomo, ambaye jioni alimwambia, "Hebu nisomee hapa."

Mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha takribani watu watatu katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui. Vipimo havikuwa vya namna moja, wala hatuwezi kuzilinganisha hesabu hizo kama mizani ya duka. Hata hivyo, sisi tuliokuwapo tuliona kwa macho. Vita vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya karatasi kuwa adimu. Magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanza Mwanza mwaka 1974, yalikuwa chakula cha waliojua kusoma karibuni. Maktaba za vijijini zikabaki na vitabu vile vile mpaka vikachakaa. Mtu aliyefundishwa kusoma kisha akakosa cha kusoma ni kama aliyepewa jembe akanyimwa shamba.

Msidhani hayo ni ya kale tu. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na za msingi zikakaa hadi mwisho wa Juni, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Mtaani kwangu niliona watoto waliokuwa na mtu wa kukaa nao wakiendelea. Wengine walirudi darasani wamesahau hata walichokijua. Chombo peke yake hakifundishi. Mwaka 1973 redio ilifundisha kwa sababu kando yake palikuwa na kitabu, kikundi na kiongozi.

Sasa nasema lile lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia kwamba michango ya mkutano huu imekusudiwa kujenga lango jipya la shule. Silipingi lango. Ninaomba tu sehemu ya fedha hizo inunue masanduku ya vitabu vya hadithi vya Kiswahili, yawekwe katika vijiji vile vile tulivyofundisha kisomo, na wanafunzi wa sasa waende kila Jumamosi kuwasomea watoto na wazazi wao kwa sauti. Gharama yake ni ndogo, na njia yake tunaijua kwa kuwa tuliitembea wenyewe.

Naleta ombi hili mbele ya mkutano lipigiwe kura. Nanyi vijana, msingoje matokeo ya kura: mkienda likizo, mketisheni mdogo wenu, mfungue kitabu chochote kilichopo, mmwambie, "Hebu nisomee hapa."