Mali Bila Daftari

Katika kabati la parokia yetu mna daftari la marehemu. Ukilifungua utaona jina, umri, siku ya kufa na siku ya kuzikwa. Kila mtu ana mstari mmoja, basi. Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, niliandika humo jina la mama mmoja mzee, na mkono wangu ulikuwa mzito, maana nilikuwa na deni kwake. Marehemu mume wake alikuwa boyi wa Wazungu hapa Lubumbashi, wakati mji ulipoitwa Elisabethville. Mama alikaa naye katika boyeri, kile kijumba cha nyuma ya nyumba ya bwana. Mara mbili aliniambia: «Mwalimu, njoo na kalamu, nikueleze tulivyoishi.» Nami nilimjibu: «Ndiyo, mama, nitakuja baada ya Pasaka.» Pasaka ilifika, yeye hayupo.

Wengi wetu tunadhani kwamba historia ni habari za wafalme, magavana na vita. Shuleni tulijifunza kwamba kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na kwamba reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Ni vema kuyajua hayo. Lakini ni nani aliyewapikia mainjinia wa reli? Ni nani aliyepiga pasi nguo zao, akalea watoto wao, huku wake na watoto wake mwenyewe wakingoja posho? Kampuni kubwa iliandika watu wake katika karatasi: namba, mshahara, chakula. Boyi alifanya kazi katika nyumba ya mtu mmoja. Bwana aliporudi Ulaya, ni nani aliyebaki kutunza habari za boyi?

Maboyi wenyewe waliliona jambo hilo. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani katika Elisabethville kilitoa kijitabu kwa Kiswahili, kiitwacho Vocabulaire ya mji huo. Aliyekiandika ni André Yav. Humo wazee walisimulia mwanzo wa koloni, vita, kazi na mishahara, na jinsi mabwana na maboyi walivyokaa pamoja. Hawakungoja mtu wa kuwaandikia. Walijiandikia wenyewe, tena kwa lugha yao ya kila siku.

Kiswahili cha kijitabu hicho ni kile cha mji, kama kinavyotoka mdomoni. Maneno hayakugawanywa kwa kanuni ya shule. Johannes Fabian, mtaalamu aliyekichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ilimpasa kusaidiwa na mwenyeji wa lugha aliyekisoma kwa sauti. Ndipo maana ilipofunguka. Mimi nilifundishwa seminarini kusahihisha kila herufi. Kama kijitabu kile kingaliletwa mezani pangu, ningalikijaza wino mwekundu! Na kwa kukisahihisha, ningaliinyamazisha sauti ya wazee.

Pengine mtu atauliza: Je, maneno yote ya wazee ni sahihi? Hapana. Kumbukumbu huchanganya miaka, na kila mtu husifu upande wake. Lakini karatasi za ofisi nazo zina upande wake. Gavana aliandika kwamba watumishi wanalipwa. Mtumishi anajua kama mshahara ulifika mwisho wa mwezi. Ni lazima kuwasikiliza wote wawili, kisha kupima.

Mwaka 2000 kazi ya namna hiyo ilianzishwa tena mjini, kwa jina la Mémoires de Lubumbashi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mwenzake Bogumil Jewsiewicki walikuwa katika kazi hiyo ya kukusanya kumbukumbu za wakaaji. Lakini maprofesa ni wachache, na wazee wanaondoka kila juma. Sisi tunakaa nao mtaa mmoja.

Basi, tufanye nini? Kwanza, umwombe mzee ruhusa, na umwambie maneno yake yatawekwa wapi. Umwulize mambo madogo: aliamka saa ngapi, alikula nini, sabuni ilitoka wapi, mtoto akiugua walifanyaje. Usimwulize «Ukoloni ulikuwaje?», maana atakujibu kama redio. Andika kama anavyosema, wala usipambe. Weka tarehe na jina la mahali. Neno la siri linaloweza kumdhuru aliye hai, liache. Halafu umsomee uliyoandika, akusahihishe yeye, si wewe umsahihishe. Andika nakala mbili: moja ibaki kwa jamaa yake, nyingine itunzwe mahali pakavu penye kufuli.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya biashara, lakini maisha ya mtu ni mali kupita mbuzi na mafranka. Yule mama ana mstari mmoja katika daftari letu, nami siwezi kuuongeza. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa jirani yake, mzee aliyekuwa mpishi. Nilichukua kalamu mbili, maana moja ingeweza kuisha wino.