Kutoka Kisanga Hadi Kunduchi Wakati wa Mvua

Ndugu msomaji, kama hujawahi kusukuma gari kwenye tope huku ukiwa umelipa nauli kamili, basi wewe hujasafiri kutoka kwetu Kisanga mwezi wa Aprili. Pikapu ilitoka alfajiri na mvua, na kabla hatujaifikia lami ya Mikumi ilikwama mara 3. Kila ikikwama konda anapiga bodi: "Jamani wanaume chini!" Tunashuka, tunavua viatu, tunasukuma, matairi yanatutemea udongo mpaka mdomoni. Mbele, pale pembeni ya dereva, alikaa bwana mmoja mwenye shati jeupe. Yeye hakushuka hata mara moja. Nilipomuuliza konda mbona huyu hasukumi, akanijibu kama vile nimeuliza ujinga: "Huyo si kalipa siti ya mbele?"

Jibu hilo lilinikaa kichwani safari nzima, na ndiyo sababu ya makala hii.

Nilikuwa naenda Kunduchi kwa mjomba wangu, ambaye anauza samaki. Mimi ni kijana wa kidato cha nne niliyeishia hapo, nina madaftari 4 ya riwaya ambayo haijaisha, na bahari nilikuwa sijaiona. Babu alinikataza. "Mjukuu wangu, subiri mvua ikatike. Njia ya pwani haijawahi kuwa ya masika." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe alikuwa anasema historia, na hata yeye mwenyewe labda hakujua ni ya muda mrefu kiasi gani.

Hebu tuanze na mvua yenyewe. Watu wa mjini wanadhani mvua ni mvua. Kwetu tumezungukwa na milima: Rubeho na Ukaguru huku juu, Udzungwa kusini, na ukishuka kuelekea Morogoro unakutana na Uluguru. Hiyo yote ni milima ya Tao la Mashariki, na misitu iliyo juu yake imesimama kwa sababu moja: upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unapita tambarare, unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Kwa hiyo mvua iliyokuwa inaninyeshea nikisukuma pikapu ilikuwa imetoka kule kule nilikokuwa nakwenda. Na maji yake yanarudi. Mto Mkondoa wa Kilosa unaishia kwenye Wami, na Wami unamwaga baharini kati ya Bagamoyo na Saadani. Maji hayahitaji nauli, ila yanapoamua kupita kwa fujo tunakoma. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulibomoa kingo zake, Kilosa ikafurika, maelfu wakakosa nyumba, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wala haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho kwa reli hiyo kubebwa na maji.

Sasa, kabla ya reli na kabla ya lami, njia ya pwani ilikuwa ya miguu. Wapagazi waliokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na Saadani, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na kalenda yao. Walipenda kutoka kwao baada ya mavuno, wakati njia ni kavu, na kurudi mvua za kupandia zisiwakute mbali. Mwenye akili hakutembea kipindi cha mvua kama ana hiari. Mito hujaa, nyasi huwa ndefu kumpita mtu, na lililo baya kuliko yote, chakula hakuna: mahindi na mtama bado viko shambani, ghala zimebaki vumbi. Mpagazi alibeba mzigo wa kama ratili 70, yaani kilo 32 hivi, na posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kwenye miezi ya njaa hata hicho kibaba kinatafutwa kwa tochi.

Basi ndani ya miezi hiyo hiyo, Desemba 1858 na Januari 1859, msafara mmoja ulipita kwetu. Nasema kwetu kwa sababu jina la Kisanga limo kitabuni. Ni msafara wa Waingereza 2, Richard Burton na John Speke, waliokuwa wanarudi kutoka Ziwa Tanganyika. Walipokwenda mwaka 1857 walikuwa wamepita njia nyingine ya Usagara. Waliporudi wakachukua njia ya kusini iliyoitwa ya Kiringawana, kwa jina la mtawala wa Wasagara wa wakati ule. Kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860, nami nilikipakua kwenye simu, Kiingereza cha zamani kigumu kama mkate wa juzi, kamusi pembeni. Nilipokuta neno Kisanga nilisimama nikaenda kumwonyesha mama. Mama akauliza, "Wamesemaje?" Nikaona haya kumtafsiria. Huyu bwana alikuwa na ulimi mchafu kuhusu watu weusi, karibu kila ukurasa. Tumsome, lakini tusimsome kama watoto.

Wote wawili walikuwa wameugua vibaya. Burton miguu ilikufa ganzi kwa miezi mingi, na sehemu kubwa ya safari alibebwa kwenye machela. Machela ni kitambaa kilichofungwa kwenye mti, mtu analala ndani, wenzake wanabeba mabegani. Fikiria mlima wa Rubeho wakati wa mvua, utelezi, na mtu mzima ananing'inia kwenye bega lako. Huyo ndiye aliyelipa siti ya mbele. Na ndiye aliyeandika.

Katika msafara ule alikuwamo mtu mmoja ambaye nimempenda kuliko wote, Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi Zanzibar kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Speke alimkuta na kumwajiri. Bombay alitembea na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron, ambaye mwaka 1875 alifika naye Bahari ya Atlantiki. Yaani huyu mtu alivuka Afrika nzima kwa miguu! Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Alikufa mwaka 1885. Shuleni nilisoma kuhusu mabwana zake wote 5, yeye sikutajiwa hata mara moja.

Stanley naye ana kisa cha mvua, na kisa hicho ni cha Wilaya yetu. Alitoka Bagamoyo Machi 1871, masika ndiyo yanaanza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumtafuta Livingstone. Mbuga ya Mkata ilimpokea kama inavyostahili. Walikwenda ndani ya maji na matope kwa siku kadhaa, punda wanazama, watu wanashikwa na kuhara damu na homa. Mbwa wake aliyeitwa Omar alikufa, na Stanley akamwandika kwa jina. Wapagazi wengi waliopita kwenye maji yale yale na mizigo kichwani hawakupata bahati ya yule mbwa.

Mimi Mkata niliivuka kwa basi la Dar, nikiwa nimekauka nusu. Ni barabara kuu ya Iringa, inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na abiria walikuwa wanapiga picha twiga. Dakika chache tu tukawa ng'ambo. Nilijaribu kuona yale maji nikashindwa, kulikuwa na jua.

Turudi kwa msafara wa Burton, maana sehemu yake ya mwisho ndiyo iliyonipeleka Kunduchi badala ya Manzese kwa dada. Tarehe 30 Januari 1859 watu wa pwani waliokuwamo msafarani waliona mwembe. Wakapiga kelele za furaha! Kisha wakaona mafenesi, ndimu, minazi, wakawa wanaonyeshana kimoja baada ya kingine. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu walikuwa hawajafika kwao. Katika kitabu kizima, hapo ndipo nilipowasikia hasa. Tarehe 2 Februari waliiona bahari. Tarehe 3 wakaingia Kunduchi, ambayo Burton anaiandika Konduchi, na njiani walipita kwenye miti iliyotundikwa mafuvu ya watu. Mafuvu hayo Burton aliyachukua, yakaishia London kwenye Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji. Mei 1941, wakati wa vita, mabomu ya Wajerumani yalikiangukia chuo hicho na sehemu kubwa ya makusanyo yake ikateketea.

Na malipo? Hapo sasa. Burton aliondoka Zanzibar Machi 1859. Balozi wa Uingereza, Rigby, akaandika kwa serikali ya Bombay kwamba kiongozi wa msafara, Said bin Salim, na wenzake waliotoka Zanzibar hawajapewa walichoahidiwa na balozi aliyemtangulia, Hamerton, ambaye alikuwa amekufa tangu Julai 1857. Burton akajibu eti ile ilikuwa ahadi ya bakshishi kwa wenye tabia njema, na hao hawakuwa na tabia njema. Speke, mwenzake wa safari, alisimama upande wa watu. Serikali ikamkaripia Burton. Tunajuaje yote haya? Kwa sababu barua hizo Burton mwenyewe alizichapa nyuma ya kitabu chake, mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji wa kawaida ameshalala. Nawaambia ninyi wenzangu mnaotaka kuandika riwaya za zamani: someni kurasa za nyuma. Mbele ni milima na mito, nyuma ni nani anamdai nani.

Nilifika Kunduchi usiku na mvua. Asubuhi mjomba alinipeleka kwenye magofu. Kuna msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo kulikuwa kumepachikwa sahani za kauri za Kichina. Mbele kidogo ni hoteli za ufukweni, viti vya plastiki vimepinduliwa, hakuna mgeni kwa sababu ni masika. Bahari ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia mjomba nilitegemea bluu. Akacheka. "Hiyo ni tope la kwenu huko bara, unalidharau?" Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini, matone yakinipiga mgongoni, nikasimama pale kama mjinga. Nilijaribu kufikiria mtu aliyetua mzigo wake hapo tarehe 3 Februari 1859, bega limechubuka, akisubiri kuitwa jina lake apokee haki yake. Daftari nililiacha ndani lisilowe.

Nilikaa wiki 2. Siku ya kurudi, nilipofika Mikumi, nikamkuta konda yule yule, pikapu ile ile. Nauli imepanda, akasema, kwa sababu ya barabara. Nikamuuliza, na kusukuma je, tutasukuma?

"Sasa kwani mnataka tuiache porini?"

Siti ya mbele ilikuwa imeshachukuliwa.